Hata Mumeo Usimwambie

Watu wa mtaa walimjua Ganda kwa pua kabla hawajamjua kwa sura. Akitoka zamu asubuhi, akikatiza uchochoroni, harufu ya mkate moto ilimtangulia, na watoto waliokuwa wakipiga mswaki milangoni walimwitia, "Ganda, umetuletea nini?" Naye alijipekua mifuko yote kwa uso wa mtu aliyeibiwa, kisha akachomoa mkate uliokatika pembe, ule ambao kiwanda hakiwezi kuuuza, akawagawia.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha mikate, na mkate ukitoka kwenye bati aliupindua, akaugonga chini kwa kidole kama anayebisha hodi, akatega sikio. Ganda likiitika kwa wepesi, mkate umeiva. Likiitika kwa uzito, aliurudisha motoni. Wenzake walimtania kwamba siku atakayosikia sauti inasema "karibu" ndiyo siku ya kustaafu.

Mkewe, Mama Kidosho, alikuwa mpishi kwenye ukumbi wa mikutano katikati ya mji. Mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Akianza hadithi ya jikoni kwao, sufuria ya nyumbani iliweza kuungua. Waliishi vyumba viwili na binti yao mmoja, Kidosho, ambaye alikuwa fundi cherehani. Cherehani ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na wateja walipimwa magauni huku Ganda akikoroma nyuma ya pazia. "Msijali," Kidosho aliwaambia. "Hiyo ni mashine ya pili."

Mkosi ulianzia kwenye bawaba. Mji ule ulikuwa na viwanda vitatu vya mikate: kimoja mtoni, kimoja karibu na stesheni, kingine kilimani. Ganda alikuwa wa mtoni tangu ujana wake. Mlango wa tanuri ulikuwa umelegea, ukawa unaanguka wenyewe, na siku moja ulimwangukia mwenzake ukamchoma mkono kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ganda alipanda ofisini kwa mwenye kiwanda, mzee mpole wa sauti ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka, akamwambia kwamba tanuri haliwashwi mpaka bawaba ibadilishwe.

"Haliwashwi na nani?" mzee aliuliza.

"Na mimi, mzee."

"Basi wewe usiwashe. Mlango wa kutokea hauna bawaba mbovu."

Ganda alikunja aproni yake, akaiweka juu ya meza, akatoka.

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Watu wanakula mikate kila siku," alimwambia mkewe akinywa chai. "Labda waache kula." Alioga, akavaa shati la kutokea, akaenda kiwanda cha stesheni. Mwenye kiwanda hicho, mwanamume mnene mpenda utani, alimwambia aoke bati moja wamwone. Ganda alikanda, akaumua, akaoka. Mkate ulikatwa ungali wa moto, na yule bwana alikula vipande kadhaa akiwa amesimama, bila siagi, bila chochote. "Njoo Jumatatu," alisema, mdomo umejaa.

Jumatatu mlinzi alimzuia getini. Nafasi imejaa, alisema, nenda mzee wangu. Akaenda kilimani. Mwenye kiwanda cha kilimani alikuwa mama mmoja mchangamfu. Alimkaribisha kiti, akamwuliza alikotoka, na aliposikia ni mtoni akasema vizuri sana, tutakupigia simu. Simu haikupigwa. Ganda alirudi, akaambiwa wiki ijayo. Akarudi tena, akaambiwa mwezi ujao. Walimpiga kalenda mpaka mlinzi akaanza kumwonea haya, akawa anajifanya hamwoni.

Kisha kiwanda cha stesheni kikabandika tangazo getini: anatafutwa fundi wa tanuri.

"Wameandika kwa herufi kubwa," Ganda alimwambia mkewe siku hiyo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. "Nimesimama chini ya tangazo lenyewe, nikaambiwa hakuna nafasi."

"Basi wana lao jambo hao."

"Jambo gani? Hawanijui mimi ni mtu wa tabia gani. Kitu walichokijua ni mkate wangu tu. Wameuonja, wakaukataa."

"Mkate wako hauna kasoro, Baba Kidosho. Nimeula tangu sijawa na mvi."

Ganda alimtazama kwa huruma, kama vile mwenye shida alikuwa ni yeye mke. "Wewe ni mke wangu," alisema. "Ulitaka useme nini?"

Tangu hapo ikawa hivyo. Mama Kidosho akimwambia kwamba si yeye, alijibiwa hivyohivyo. Kidosho akimwambia, aliambiwa na wewe ni mwanangu. Alinunuliwa unga na hamira, akaoka nyumbani kwa sufuria na makaa, majirani wakala wakajiramba vidole. Akasema wanasifu kwa sababu hawajalipa. Akaanza kushuku masikio yake. Alikwenda hospitali kupimwa, daktari akamwambia anasikia kama kijana. "Na daktari," alisema njiani wakirudi, "amewahi kusikiliza mkate?" Alicheka mwenyewe, lakini kicheko kilikatika katikati.

Fedha zilipoisha alipata kibarua kwenye tanuri la matofali nje ya mji. Ni moto vilevile, aliwaambia marafiki, na zaidi ya hayo tofali halina ladha, hakuna wa kulionja akalitema. Marafiki walicheka sana. Mama Kidosho aliinuka akaenda kuchungulia kitu jikoni ambako hakukuwa na kitu.

Harufu yake ilibadilika. Alikuwa anarudi na vumbi jekundu kwenye kope na moshi kwenye nguo, moshi mzito wa magogo mabichi na mipira chakavu. Watoto wa uchochoroni waliacha kumwitia. Si kwamba walimchoka. Hakuwa tena na cha kujipekulia mifukoni, na yeye ndiye aliyebadilisha njia.

Sasa kule ukumbini alikofanya kazi Mama Kidosho kulikuwa na chumba kidogo ghorofani, na kila mwezi wenye viwanda vitatu vya mikate walikutana humo kula chakula cha mchana. Mama Kidosho ndiye aliyewaandalia kwa miaka mingi. Aliwajua kwa matumbo yao: mzee wa mtoni hataki pilipili, bwana wa stesheni huongezewa, mama wa kilimani huacha nyama. Wao hawakumjua kwa lolote. Hawakujua ana mume, sembuse mume gani. Mtu anayeingia na sahani na kutoka na sahani, nani atamwuliza anatokea wapi?

Siku hiyo alikuwa anaingiza matunda. Mama wa kilimani alikuwa akilalamika.

"Kuna kijana wako wa kufungasha amekuja kwangu kuomba kazi. Nimemrudisha, kama tulivyosema. Lakini na wewe waongeze kidogo, wameanza kuhangaika."

"Nikimwongeza mmoja nimewaongeza wote," alisema mzee wa mtoni kwa ile sauti yake ya upole. "Ndiyo maana tukakubaliana. Wa kwako wako, wa kwangu wangu. Hachukuliwi mtu."

Bwana wa stesheni aliguna huku akivuta bakuli la matunda. "Nyinyi mliniponza. Yule Ganda nilikuwa nimeshamwambia aje Jumatatu. Sasa huyu niliyempata anaoka matofali."

Wote watatu walicheka.

"Ungemchukua yule," mzee alisema, "kesho yake wangekufuata wote. Fundi akishajua kwamba anagombewa, humwezi tena."

Mama Kidosho aliweka visu vya matunda mezani kimoja kimoja, taratibu, visilie. Akatoka. Alishuka ngazi, akafika jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi, na wenzake wakadhani amepandwa na presha. Walimpa maji. Aliyanywa. Kitu kilichokuwa kinampiga kifuani hakikuwa hasira, hasira ilikuja baadaye. Kilikuwa furaha. Alitaka kuvua aproni na kukimbia mpaka kwenye matofali, amshike mumewe mabega na kumwambia: si wewe, nimewasikia kwa masikio yangu, si wewe.

Lakini alijua atajibiwa nini. Angeambiwa, wewe ni mke wangu.

Hapo ndipo alipokumbuka semina. Miezi ya nyuma watu wa serikali walikodi ukumbi kuzungumza na wafanyabiashara, na yeye alikuwa akipitisha chai wakati msemaji akieleza kwamba kuna ofisi inayosimamia ushindani, na kwamba wenye biashara hawaruhusiwi kukaa pamoja wakapanga bei au wakagawana wateja. Msemaji aliongeza kwamba hata kuwekeana mpaka wa wafanyakazi ni kosa. Wakati ule hayo yalimpitia tu kama matangazo ya redio. Sasa yalimrudia neno kwa neno. Akawaza: nikimletea mtu wa serikali, mtu asiyetujua, mwenye muhuri wake, akamwambia yeye, huyo hataambiwa, wewe ni mke wangu.

Ofisi ya Ushindani ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Alipanda akiwa amejifunga kitenge chake kizuri, na mapokezi wakamwuliza kama amekuja kwa ajili ya kazi ya usafi. Alisema amekuja kushitaki. Wakamwita mpelelezi mmoja, dada mwembamba mwenye miwani mikubwa na kikohozi cha mafua, ambaye alimkalisha na kumsikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri mwenzake amalize. Mama Kidosho alipofika kwenye yale maneno, wa kwako wako, wa kwangu wangu, hachukuliwi mtu, yule dada aliinuka akafunga mlango.

"Hebu rudia, Mama. Polepole. Nani alisema, na nani alijibu."

Akarudia. Akaulizwa walikaa upande gani, wanakutana siku gani, nani hulipia chakula. Akajibu vyote. Mwishoni yule dada alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya blauzi.

"Mama, hili ulilolileta ni kosa kubwa. Biashara zinatakiwa zishindane hata kwa wafanyakazi. Fundi mzuri akigombewa, mshahara wake unapanda na wa wenzake pia. Hawa wamezima hilo kabisa. Na si kwa mumeo peke yake."

"Basi twende," Mama Kidosho alisema. "Yuko kibaruani sasa hivi. Twende ukamwambie."

Yule dada alivaa tena miwani yake. "Hapana, Mama. Nitakuomba jambo gumu. Usimwambie mtu yeyote. Wakipata fununu tu, watafuta kila kitu kwenye simu zao, watakana, na tutabaki na neno lako dhidi ya matajiri watatu. Lazima tuwavamie wote siku moja bila wao kujua."

"Sitamwambia mtu. Mume wangu tu."

"Hata mumeo usimwambie. Hasa yeye. Niambie kweli: akijua leo, kesho atafanya nini?"

Mama Kidosho alitazama chini. Alijua vizuri atafanya nini. Ataingia getini mtoni mbele ya wafanyakazi wote, na mji mzima utasikia.

"Ni kwa muda gani?"

"Si muda mrefu," alisema yule dada, na wakati huo aliamini anachosema.

Mama Kidosho akarudi nyumbani na siri yake. Kwa mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kumaliza siku bila kusimulia jambo, ilikuwa kama kutembea na kaa la moto mdomoni. Alijaribu kuzunguka. Alimwambia mumewe, vumilia, mambo yatakaa sawa. Alimwambia, siku moja utakuja kujua. Ganda alimwuliza amekwenda kwa mganga gani. Alipoanza kunyamaza ghafla katikati ya mazungumzo, na kutoka bila kuaga siku ambazo hakuwa na zamu, Ganda alimwuliza kwa utani ambao haukuwa utani, "Mama Kidosho, umepata bwana?"

"Bwana wa nini na uzee huu?"

"Nisingekulaumu. Mimi mwenyewe nisingejichukua."

Alitamani amwambie papo hapo. Mdomo ulifunguka. Akaufunga.

Alikwenda tena ghorofa ya tatu. Yule dada alimwambia bado, kibali cha upekuzi kinasubiri saini. Akaenda mara nyingine. Mwenye saini yuko safarini. Mara ile aliomba akiwa amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. "Mwanangu, yule mtu anaisha. Niache nimwambie yeye tu, nitamfungia ndani."

"Mama, tumekaribia sana. Tukiharibu sasa, hao mafundi wote watabaki hivyohivyo. Jikaze kidogo tu."

Akajikaza. Mvua zilikuja, tanuri la matofali likawa linatoa moshi kuliko moto, na Ganda akaanza kukohoa. Kikohozi kikahamia kifuani, kikakaa. Kidosho alishona kwa bidii apate fedha za dawa, akamwuliza mama yake kwa nini humkatazi, na mama akasema huyo anakatazika? Mwishowe vibarua wenzake walimpakia kwenye mkokoteni wa matofali, midomo imekuwa ya bluu, na moja kwa moja wakampeleka hospitali.

Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana, na madirisha marefu yaliyoingiza jua la saa ya kuwaona wagonjwa. Walikuwa wamemwekea mpira wa hewa puani. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana, na kwenye mikunjo ya vidole bado kulikuwa na vumbi jekundu ambalo muuguzi hakuweza kulitoa. Mama Kidosho alisubiri binti yao atoke kwenda kununua maji. Akainama sikioni.

"Baba Kidosho, nisikilize. Si wewe. Wale watatu walikubaliana wasichukuliane watu. Niliwaandalia chakula mimi, nikawasikia. Yule wa stesheni alisema mwenyewe, alikutaka, wenzake wakamkataza. Nimewashitaki serikalini. Watakamatwa. Ulisikia? Haikuwa mikono yako. Haikuwa mkate."

Ganda alifumbua macho. Alimtazama kwa muda, na usoni pake kukaja kitu ambacho mkewe alikuwa hajakiona siku nyingi, tabasamu lile la zamani la kugawa mikate.

"Umeitunga vizuri," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Sijatunga! Nakuapia mbele ya Mungu."

"Najua." Aliupapasa mkono wake, kama anayembembeleza mtoto asilie. "Wewe siku zote ni mtu wa hadithi. Asante, mke wangu."

Alirudia kumweleza. Alimtajia walikaa viti gani, walikula nini. Ganda alikuwa ameshafumba macho, akiitikia kwa kichwa kila alipovuta pumzi, kama mtu anayesimuliwa kitu kizuri kabla ya kulala. Kidosho aliporudi na chupa ya maji alimkuta mama yake amemshika baba yake bega, akimtikisa. Muuguzi ndiye aliyemwondoa.

Ganda alifariki kesho yake asubuhi.

Msibani watu walikuwa wengi. Mafundi wa mtoni walikuja wakiwa bado na unga kwenye nyusi. Na wakati wa alasiri gari jeupe lilisimama mwanzo wa uchochoro, akashuka mzee wa mtoni mwenyewe, akatembea kwa miguu mpaka uani, akavua kofia. Watu waliguswa. Alipewa kiti. Aliomba aseme neno moja.

"Nimekuja kuzika fundi wangu," alisema kwa upole. "Tulitofautiana kidogo, binadamu ndivyo tulivyo. Lakini niseme ukweli mbele yenu, tangu aondoke sijapata mkono mwingine kama ule."

Wanawake waliangua kilio. Kidosho, macho yamemvimba, aliinuka akaenda kumpa mkono wa shukrani. "Ungemwambia hivyo akiwa hai, mzee," alisema, bila ubaya wowote. "Alikuwa anadhani amesahau kazi."

"Laiti ningejua, binti yangu."

Kisha akamgeukia mfiwa. Mama Kidosho alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa amekula chakula alichompelekea yeye, kisichotiwa pilipili. Mzee alimtazama usoni na hakumtambua. "Pole sana, mama," alisema. Na Mama Kidosho, ambaye alikuwa ameambiwa asubiri kidogo tu, alimpokea mkono.

Upekuzi ulifanyika siku chache baada ya kumaliza matanga. Maofisa waliingia viwanda vyote vitatu kwa pamoja, wakachukua simu na kompyuta, na jioni habari ikawa redioni. Uchochoro mzima ulitoka nje. Kidosho aliisikia akiwa kwenye cherehani. Aliusimamisha mguu.

"Mama! Umesikia? Walikubaliana! Baba hakuwa na kosa, walikubaliana wasimchukue!" Alikuwa analia na kucheka. Kisha akamwona mama yake, ambaye hakushangaa, ambaye alikuwa anachambua mchele bila kuinua kichwa.

"Ulikuwa unajua," Kidosho alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Tangu lini?"

Mama Kidosho alimwambia. Hakuficha kitu. Alimweleza habari za chumba cha ghorofani, na yule dada wa miwani, na sharti alilopewa. Kidosho alisikiliza akiwa amesimama, futi ya kupimia ikiwa bado imening'inia shingoni.

"Kwa hiyo baba alikuwa anakwenda kwenye matofali kila siku, na wewe unamfungia chakula, na unajua."

"Niliambiwa tukiharibu..."

"Uliambiwa. Na yule mzee je? Nilimpa mkono, mama! Ulikaa pale ukanitazama nampa mkono!"

Mwisho wa mwezi huo Kidosho alipangisha chumba mtaa wa pili, akabeba cherehani kwa mkokoteni. Alisema ni kwa sababu ya wateja.

Shauri lilisikilizwa na baraza muda mrefu baadaye, katika chumba chenye feni na viti vya plastiki. Bwana wa stesheni alikuwa ameamua kusema yote ili apunguziwe adhabu. Alikuwa amepungua mwili. Wakili wa Ofisi ya Ushindani alimwuliza kwa nini hakumwajiri marehemu ilhali alikuwa anatafuta fundi.

"Nilikatazwa na wenzangu. Nami nilikubali."

"Kazi yake ilikuwa na dosari yoyote?"

Yule bwana alitoa leso akajifuta shingo. "Dosari? Nimezaliwa kwenye mikate, baba yangu alikuwa mwoka mikate. Sijawahi kula mkate kama ule. Ule uliobaki nilienda nao nyumbani, nikamwambia mke wangu, onja hii."

Mwenyekiti wa baraza alimwomba aongee karibu na kipaza sauti, maneno hayajasikika vizuri. Akarudia. Mama Kidosho, kwenye kiti cha mbele, aliyasikia mara mbili. Yalikuwa ndiyo maneno yenyewe, ya mtu wa nje, asiye mke wala mtoto, yakisemwa kwa kiapo. Aliyapokea peke yake. Viti viwili nyuma Kidosho alikuwa ameinama, ameficha uso kwenye mtandio.

Viwanda vyote vitatu vilipatikana na hatia na kutozwa faini, na makubaliano yao yakavunjwa. Kwenye korido mafundi walikuwa wakikumbatiana, wakiulizana nani anahamia wapi, wengine wamekwisha kupigiwa simu. Yule dada wa miwani alimfuata Mama Kidosho mpaka kwenye ngazi.

"Mama, kama ningejua saini zingechukua muda vile..."

"Ulifanya kazi yako, mwanangu."

"Bado ninaliwaza kila siku. Labda ningekuruhusu."

"Labda," Mama Kidosho alisema. "Wale vijana kule wanafurahi. Nenda ukafurahi nao."

Ukumbini hawakumtaka tena. Meneja alimweleza kwa heshima kwamba wateja wanaona shida kuzungumza mbele yake. Sasa anapika kwenye shule ya bweni, masufuria makubwa ya kukoroga kwa mwiko mrefu, na wapishi wenzake wanamjua kama mama mkimya. Wakimwambia hivyo, anaitikia kwa kichwa.

Kidosho alikuja Jumapili moja, bila kutarajiwa, na sketi za shule alizotaka mama yake amsaidie kukata nyuzi. Walikaa sakafuni, kila mmoja na mkasi wake. Waliongea habari za bei ya vitambaa na za jirani aliyejifungua. Baadaye, bila kuinua macho, Kidosho aliuliza:

"Ulipomwambia hospitali, alisema nini?"

Mama Kidosho angeweza kumpa binti yake kitu chepesi. Aliliwaza hilo, mkasi mkononi.

"Hakuniamini," alisema. "Alidhani namtungia hadithi. Akanishukuru."

Kidosho aliendelea kukata nyuzi mpaka sketi ile ikaisha. Halafu aliegemea ukuta akalia kwa muda mrefu, na mama yake hakujua kama amguse au amwache, akamwacha. Walikula. Kidosho aliosha vyombo, akafunga sketi zake kwenye shuka, akasema atapita tena Jumapili ijayo.

Hakupita. Alipita ile iliyofuata.